WIVI KATIKA MJI WETU: TUHESABU WOTE, WAKUBWA NA WADOGO

Maneno yaliyosemwa na karani mmoja wa mgodi mbele ya wafanyakazi na wenyeji wa mji, Kisangani



Niliombwa nije niseme juu ya wivi katika mji wetu wa Kisangani, kama umeongezeka ao umepungua, tena kwa sababu gani. Mimi si jaji, si polisi, wala si mwalimu wa chuo kikuu. Mimi ni karani wa mgodi, na kazi yangu ni daftari. Mapadri walinifundisha kuandika katika mstari ulionyoka, na kutofuta hesabu bila kutia sahihi pembeni. Basi nitasema kama karani: vilivyoingia, vilivyotoka, vilivyobaki.

Nitaanza na habari yangu mwenyewe, nayo si habari ya kujisifu. Miaka michache iliyopita, katika depo ya kampuni moja ambayo sitaitaja jina, daftari langu la mafuta halikulingana. Mapipa yalikuwa pale pale, lakini mafuta ndani yake yalipungua. Mkubwa wangu akaniuliza: «Nani analala hapa usiku?» Nikaandika jina la zamu. Sikuandika kwamba ameiba. Niliandika jina lake tu, na hiyo ilitosha. Kesho yake akafukuzwa, yeye na blanketi yake na sufuria yake, mtu mwenye watoto watano.

Zamu mwingine akaingia. Lakini mafuta yakaendelea kupungua. Ndipo nilipoanza kupima kila pipa siku lilipofika katika lori, mbele ya kuingia depo. Wandugu, mapipa yalifika yamekwisha kupungua! Karatasi ya kupokea ilikuwa na sahihi na neno «yamejaa», mkono wa mtu mwenye kiti kikubwa kuliko changu. Nami nilikuwa ninanakili neno lile kila mwezi. Mwivi hakupita dirishani usiku. Alipita mlangoni mchana, na mimi karani ndiye niliyemfungulia kwa kalamu yangu.

Tangu siku ile, kila mtu anaposema «wivi umezidi», mimi ninauliza maneno mawili: Nani amehesabu? Tena amehesabu wevi gani?

JE, ZAMANI MILANGO ILIKUWA WAZI?

Wazee wetu wengi wanasema: «Wakati wa Wabelgiji hakukuwa na wivi. Mtu alilala mlango wazi.» Siwaiti wazee wetu waongo. Mji ulikuwa mdogo, kazi ilikuwapo, na mgeni aliyeshuka mashuani alitafuta kwanza ndugu wa kijiji chake; aliyekosa alijulikana mara moja na jamaa zake. Lakini tufungue daftari vizuri.

Mji huu Stanley aliuanza kama kituo mwishoni mwa mwaka 1883, hapa penye maporomoko. Mwaka 1887 Tippu Tip akafanywa liwali wa Stanley Falls kwa mkataba uliotiwa sahihi Unguja. Lugha yetu hii ilifika huku na misafara ya watu wa namna yake, na pembe za ndovu zilishuka pwani, nyingi zimenyanganywa vijijini kwa bunduki. Mbele ya hapo, tarehe 1 mwezi wa 7 mwaka 1885, serikali ya Mfalme Leopold ilikuwa imetoa amri kwamba ardhi isiyokaliwa na watu ni mali ya serikali. Fikirini: mahali pa kuwinda, mahali pa kuvua, shamba lililopumzishwa ili lipate rutuba tena, vyote vilihesabiwa kama havina mwenyewe. Siku ile moja, kwa ukurasa mmoja, waliondoa mali kuliko wevi wote wa Kisangani tangu mji ulipoanza. Tena hakuna kituo cha polisi kilichoandika kwamba kuna kitu kimepotea.

Nyuma yake ukaja mji wa Stanleyville tunaousikia kwa wazee. Wazungu walikaa upande wao, sisi tulikaa katika site. Usiku, saa ya kengele ikipita, mtu mweusi aliyeonekana upande wa Wazungu bila karatasi alikuwa mwivi mbele ya kuiba. Polisi aliuliza kitambulisho, aliuliza kodi, aliuliza ruhusa ya kukaa mjini. Madaftari ya wakati ule yalijaa makosa madogo ya watu wadogo. Yalilinda nini? Yalilinda nyumba chache za mji. Kuku akiibwa katika site, nani aliandika? Basi tukisema «wakati ule wivi ulikuwa haba», tujue kwamba tunasoma daftari la depo moja tu.

Katika madaftari yale limo na jina la karani mwenzangu. Patrice Lumumba alikuwa karani wa posta hapa mjini. Mwaka 1956 alikamatwa kwa ajili ya feza za posta, akahukumiwa, akafungwa. Sisemi kwamba kuchukua feza ya posta ni haki. Karani akisema hivyo atupe kalamu yake mtoni. Ninasema tu kwamba miaka ile ile zahabu ya Kilo-Moto ilikuwa ikichimbwa kwa mikono ya baba zetu na kwenda Ulaya, tangu mwanzo wa karne ile, na hakuna aliyeiandika katika kitabu cha wivi.

NAMNA NNE ZA WIVI NYUMA YA UHURU

Nimejaribu kupanga miaka yetu kama ninavyopanga daftari, na ninaona kwamba wivi mjini Kisangani haukupanda tu kama maji ya mto wakati wa mvua. Uligeuka namna. Nitazitaja namna nne.

Ya kwanza ni wivi wa bunduki katika vita. Tarehe 5 mwezi wa 8 mwaka 1964 Wasimba waliukamata mji huu. Tarehe 24 mwezi wa 11 mwaka ule ule askari wa miavuli wa Ubelgiji walishuka kutoka angani, na jeshi la taifa likaingia pamoja na mamluki. Watu wengi walikufa pande zote. Nyuma ya risasi zikafuata nyundo na baruti: mamluki walivunja makasha ya feza katika mabenki, na nyumba na magazini zikanyanganywa. Mwaka 1966 wakaasi wanajeshi wa Katanga waliokuwa hapa. Mwaka 1967 mamluki wenyewe wakaasi. Katika miaka minne mji mmoja ulifunguliwa kwa nguvu mara tatu. Mtoto aliyezaliwa mwaka 1960 alijifunza mbele ya kujua kusoma kwamba mali ni ya mwenye bunduki.

Ya pili ni wivi wa karatasi. Tarehe 30 mwezi wa 11 mwaka 1973 Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yatapita mikononi mwa Wazaire. Neno lilikuwa tamu, tena wengi wetu tulipiga makofi. Lakini nani alipewa? Magazini na mashamba yaliwaangukia zaidi wakubwa wa chama na wa serikali na rafiki zao. Wengi waliuza bidhaa zilizokuwamo, wakala feza, wakafunga mlango. Wenye kazi wakarudi nyumbani bila kazi. Kufika mwaka 1976 serikali yenyewe ilikuwa ikiwaita wenye mali wa zamani warudi. Hapa vilevile sheria ilifuatwa, na hakuna mwivi hata mmoja aliyeandikwa.

Ya tatu ni wivi wa njaa kazini. Bibi mmoja mwenye elimu, Janet MacGaffey, alifanya uchunguzi katika mji wetu huu na kutoa kitabu mwaka 1987. Alionyesha kile ambacho mama zetu walikijua bila kitabu: mshahara wa mwezi haukufikia chakula cha mwezi. Basi watu wakaishi kwa ile tuliyoiita «Artikli 15», maana yake jitafutie mwenyewe. Kuna waliolima, kuna waliochuuza, kuna waliosafirisha kahawa kwa njia za pori. Na kuna waliotoa kitu kazini: sabuni, kitambaa, mafuta, misumari. Mtu alisema: «Siibi. Ninajilipa.» Wandugu wafanyakazi, tuseme kweli mbele ya mama zetu, neno hili bado tunalisema. Ninajua uzito wa mshahara usiokuja. Lakini angalieni mwisho wake: muuguzi alijilipa kwa dawa ya mgonjwa, mwalimu kwa alama za mtoto, askari kwa mfuko wa mpita njia. Kila mmoja alijilipa katika mfuko wa mwingine aliyekuwa maskini kama yeye.

Ndipo ikaja ya nne, pilaje. Mwaka 1991 na tena mwaka 1993 wanajeshi waliochoka na mishahara isiyo na maana walivunja magazini katika miji mingi ya nchi, na raia wakaingia nyuma yao. Kisangani haikupona. Mashine zilizong'olewa katika viwanda siku mbili hazikurudishwa kwa miaka. Tazameni hesabu yake: mtu alibeba kiti kimoja ao mfuko mmoja wa mchele, na mji ukapoteza kazi ya wale waliokuwa wakileta mchele. Kiti kilivunjika zamani. Kazi haijarudi mpaka leo.

Mwezi wa 3 mwaka 1997 jeshi la Mobutu lilipokimbia mbele ya waasi wa AFDL, lilinyanganya tena njiani. Tangu mwezi wa 8 mwaka 1998 wakaja wengine. Na tarehe 5 mpaka 10 mwezi wa 6 mwaka 2000 majeshi mawili ya kigeni, la Rwanda na la Uganda, yalipigana siku 6 ndani ya mji wetu, kana kwamba wenyeji hawapo. Mizinga iliangukia Tshopo, Makiso, Mangobo. Mamia ya raia waliuawa. Walipigania nini? Wataalamu waliotumwa na Umoja wa Mataifa waliandika mwaka 2001 namna almasi, mbao, kahawa na zahabu zilivyokuwa zikitolewa katika sehemu zilizoshikwa na majeshi yale. Na ninyi wachimbaji wa Bafwasende na Banalia mnajua mawe yenu yalinunuliwa kwa bei gani wakati ule, tena na mtu amevaa nini begani.

WIVI WA LEO

Sasa tufike leo. Mji umekuwa mkubwa, watu zaidi ya milioni moja. Kartie za pembeni zimejaa, nyumba za udongo na bati, njia bila taa. Wakati wa vita petroli ilipokosekana, vijana wetu walivumbua kazi ya toleka: baisikeli yenye kiti laini nyuma, ikibeba abiria. Kazi ya heshima! Lakini toleka ikawa kitu cha kuiba. Ikaja pikipiki, nayo ikaibwa. Ikaja simu, nayo ni mali ya thamani inayoingia katika kiganja. Basi tusishangae kwamba wivi mdogo umeongezeka: zamani maskini hakuwa na kitu cha kuibwa chenye bei mbali na kwao, leo anacho mfukoni.

Giza pia linasaidia. Stima yetu inatoka katika bwawa la mto Tshopo, lililojengwa wakati wa Wabelgiji, na mara nyingi turbini zake zinaharibika. Mtaa ukikaa usiku mwingi bila taa, mwenye mlango wa mbao anakaa macho, na kesho anakwenda kazini na usingizi.

Tena kuna wale waliopoteza vyote kwa siku moja. Tangu mwezi wa 2 mwaka 2023 ugomvi juu ya ardhi uliwaingiza Wambole na Walengola katika mauaji, upande wa Lubunga na kuendelea. Nyumba zilichomwa, na watu maelfu walikimbilia mjini na mkeka tu. Mnaona? Neno la mwaka 1885 halijaisha: ardhi hii ni ya nani, na nani ana haki ya kuitoa? Mtoto wa mkimbizi akikamatwa sokoni na muhogo wa mtu, tutaandika wivi mmoja. Na shamba la baba yake tutaliandika ukurasa gani?

Ninasikia wengine wakisema: «Karani huyu anawatetea wevi.» Hapana! Mimi pia niliibiwa. Watu wenye mapanga waliingia kwetu usiku, wakachukua redio, simu mbili na feza ya shule ya watoto, na mama yangu mzee alisukumwa akaanguka. Ninajua jinsi moyo unavyochemka. Asubuhi nilikwenda kituo kimoja cha polisi. Waliniomba feza ya karatasi, kisha feza ya kalamu, kisha feza ya petroli ya kwenda kutazama. Jirani yangu aliyeibiwa usiku ule ule hakwenda kabisa. Basi katika kitabu chao usiku ule una wivi mmoja. Sisi tunajua ulikuwa na wivi miwili. Na kama mimi ningechoka mbele ya kulipa kalamu, ungekuwa usiku wa amani!

Hapa, wandugu, ndipo karani anaomba mnisikilize sana. Hesabu ya polisi inapima vitu viwili pamoja: wivi, na imani ya watu kwa polisi. Hesabu ikishuka, pengine wevi wamepungua. Pengine watu wamekata tamaa ya kusema. Hesabu ikipanda, pengine wevi wamezidi; pengine mkuu mpya wa kituo hadai feza ya karatasi, na mama wa soko wameanza kuja. Mtu akisimama mbele yenu na kusema «wivi umeshuka nusu», msipige makofi mbele ya kumwuliza: watu wangapi walikuja kusema, na wangapi walibaki nyumbani?

MIZANI MIWILI

Polisi wakishindwa, watu wanajichukulia sheria. Tumeona kijana ameshikwa, kelele ya «mwivi!» imepigwa, na katika nusu saa hakuna tena wa kuulizwa. Mimi ninamkumbuka zamu wangu. Kama siku ile mafuta yalipopungua kungekuwa na kundi lenye mawe badala ya barua ya kufukuza, leo ningekuwa muuaji, na pipa lingeendelea kupungua.

Serikali nayo imejaribu nguvu. Kule Kinshasa, mwishoni mwa mwaka 2013, walianza operesheni Likofi juu ya vijana waitwao kuluna. Wenye kutetea haki za watu wa Human Rights Watch waliandika kwamba polisi waliua vijana na watoto wasiopungua 51. Kuluna wakaisha? Hawakuisha. Mwaka 2024 serikali iliondoa ile ahadi ya kutotekeleza hukumu ya kifo, na ujambazi wa mjini wenye kuua ukatiwa ndani. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Waziri wa Sheria, Constant Mutamba, alitangaza kwamba wanaume 102 waliohukumiwa wamepelekwa gereza la Angenga wangoje kuuawa.

Sasa sikilizeni habari inayotuhusu sisi wa Kisangani. Uganda ilishtakiwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki kwa ajili ya vita vile. Mwaka 2005 mahakama ilisema ina hatia. Kesi juu ya Rwanda haikusikilizwa, kwa sababu mahakama ilisema mwaka 2006 kwamba haina uwezo juu yake. Na tarehe 9 mwezi wa 2 mwaka 2022 mahakama iliamuru Uganda ilipe dolari milioni 325: milioni 225 kwa ajili ya watu, milioni 40 kwa ajili ya mali iliyoharibiwa, milioni 60 kwa ajili ya utajiri wa nchi uliochukuliwa. Kwa mara ya kwanza mtu alifungua daftari letu na kuandika upande wa kushoto kilichotoka! Kuna mfuko wa serikali wa kugawa feza ile, unaoitwa FRIVAO, makao yake hapa hapa mjini. Wajane wa Juni 2000 wakatoa karatasi zao kabatini.

Nyuma yake tukasikia nini? Dolari milioni 19 na zaidi zilitolewa katika feza ile ili kujenga gereza jipya Kisangani, na gereza halikujengwa. Tarehe 2 mwezi wa 9 mwaka 2025 mahakama kuu ya Kinshasa ilimhukumu yule yule waziri aliyetangaza habari za Angenga, miaka 3 ya kazi ya nguvu kwa kugeuza njia feza za watu wote. Yeye mwenyewe alikana. Sitaongeza neno juu ya hukumu. Majaji wamesema, naye amesema. Nitasoma sheria tu. Kwa kitabu cha sheria zetu, wivi wa kawaida unaweza kufungisha mpaka miaka 5. Wivi wa silaha, kifo. Mkubwa anayegeuza njia feza za serikali, kazi ya nguvu kuanzia mwaka 1 mpaka miaka 20. Mwenye panga anaweza kufa kwa redio moja. Mwenye kalamu hafi kwa milioni. Mimi siombi mwenye kalamu auawe, la hasha. Ninaomba mizani iwe moja.

Tena msidhani kwamba mambo haya mawili hayakutani. Mjane asiyelipwa nyumba yake iliyopigwa na mzinga hawezi kulipa shule. Mtoto asiyesoma hapati kazi. Mimi siwezi kusema kila mtoto wa namna ile atakuwa mwivi, kwani wengi wao ndio wanaosukuma toleka kwa jasho na kurudisha simu ya abiria aliyoisahau. Lakini kijana anayetafutwa na kuluna, wanamtafuta nyumba gani? Wanamtafuta penye sufuria tupu.

TUFANYE NINI?

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Basi ninaleta mashauri matano, na hakuna moja linalohitaji feza nyingi.

La kwanza: kila avenyu iwe na daftari lake la wivi. Mtu anayeaminika, mama ao baba, aandike siku, saa, kitu gani, namna gani kilichukuliwa. Asiandike jina la mwivi kwa kusikia tu! Nyuma ya miezi sita tutajua ni saa gani na njia gani. Polisi wakisema wanakosa watu wa kulinda usiku kucha, tutawaambia: njooni saa nane mpaka saa kumi, kwenye njia hii.

La pili: andikeni namba za vitu vyenu. Pikipiki ina namba ya chuma na namba ya injini. Simu ina namba yake. Bonyeza *#06# na itatokea katika kioo. Iandike nyumbani, si ndani ya simu ile ile!

La tatu: tusinunue wivi. Sheria inamhukumu anayepokea mali iliyoibwa akijua. Sisi tunashangilia simu ya bei ndogo sokoni, kisha tunalia ya kwetu ikiibwa. Mwivi hafanyi kazi kwa kujifurahisha. Anafanya kazi kwa ajili ya mteja, na mteja ni mimi na wewe.

La nne, kwa wafanyakazi: mbele ya kusema «ninajilipa», tudai mshahara pamoja, kwa majina yetu na mchana. Tena tupime mapipa yanapofika. Karani asitie sahihi juu ya kitu asichokiona, hata akiambiwa na nani.

La tano, kwa wenyeji wote: tudai daftari la feza za malipo ya vita lisomwe mbele ya watu hapa Kisangani. Zimeingia ngapi, zimetoka ngapi, zimekwenda kwa nani, zimebaki ngapi. Hayo ni maneno manne tu. Mimi huwa ninayajibu kila mwisho wa mwezi kwa habari ya misumari. Wakubwa nao wanaweza kuyajibu kwa habari ya damu ya watu.

Ninamaliza. Mtaniuliza zamu wangu yuko wapi. Nilimtafuta, nikampata ng'ambo ya mto, Lubunga, akivua samaki kwa mtumbwi wa kuazima. Nilikuwa nimeandika barua ya pili kwa kampuni nikieleza habari ya mapipa. Walimpa karatasi ya kusema kwamba hakuwa na kosa, kazi hawakumrudishia. Nilimpelekea karatasi ile kwa mkono wangu. Hajui kusoma. Akaniomba nimsomee, nikamsomea. Akasema, nisome tena pale penye jina. Nikasoma tena. Akaikunja, akaitia katika kofia yake, akaniuliza: «Na yule wa mapipa, jina lake umeliandika?»

Wandugu, siku ile nilikuwa sijaliandika, kwani niliogopa. Nilirudi nikaliandika. Nilihamishwa mahali pengine, lakini limeandikwa, na mafuta yale yalikoma kupungua.

Basi tusiwe watu wa kuandika jina la kwanza linaloonekana usiku. Tuhesabu kwanza, tena tuhesabu wote.